ANAYECHEKWA NI NANI? VICHEKESHO VYA JACQUES TATI NA MAISHA YA KISASA

Msomaji mpenzi, huenda ukashangaa kuona jarida la Chama cha Kiswahili likizungumzia filamu za Kifaransa. Hata wenzangu walishangaa. Mmoja wao, kijana wa Mtongwe, aliniuliza, "Kwani za kwetu zimekwisha?" Hazijakwisha. Lakini kuna Mfaransa mmoja, sasa ni marehemu, aliyetengeneza vichekesho ambavyo mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe anaweza kuvifurahia bila kujua hata neno moja la Kifaransa. Mlezi wa chama chetu alituonyesha vitatu kati ya hivyo ukumbini, na tangu siku hizo nimekuwa nikijiuliza swali moja: katika kichekesho, anayechekwa ni nani hasa? Swali hili laonekana dogo, lakini ukilivuta utaona lina mizizi mirefu.

Kwanza tupate historia kidogo. Sinema ya kuchekesha ilianza mapema mno huko Ufaransa. Mwaka 1895 ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walionyesha filamu fupi sana, isiyotimia hata dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia maji mimea. Kijana mtundu anamnyemelea kwa nyuma na kuukanyaga mpira wa maji. Maji yanakatika. Mzee wa watu anauinua mpira auchungulie tundu lake, kijana naye anaondoa mguu, na maji yakamrukia mzee usoni, pwaa! Basi hicho ndicho kichekesho. Baadaye akaja Max Linder na kofia yake ndefu, ambaye hata Charlie Chaplin alimheshimu kama mwalimu wake. Mwaka 1931 mwongozaji René Clair akatoa À nous la liberté, filamu inayoonyesha gereza na kiwanda vikifanana kama pacha: kule watu wameketi kwa safu wakifanya kazi ile ile, na huku pia. Chaplin alipotoa Modern Times mwaka 1936, naye akicheza mfanyakazi aliyechanganyikiwa na mashine, kampuni iliyotengeneza filamu ya Clair ilimpeleka mahakamani ikidai amewaibia. Clair mwenyewe alikataa kuwaunga mkono. Alisema ni heshima kwake iwapo Chaplin amechota kwake, maana yeye amechota kwa Chaplin mengi zaidi. Uungwana huo, wallahi, ni adimu.

Kwa hiyo Jacques Tati alilikuta swali limeshawekwa mezani: ni mtu anayeitumia mashine, au ni mashine inayomtumia mtu?

Tati alizaliwa mwaka 1907, na jina lake kamili lilikuwa Tatischeff, kwani babu yake alikuwa Mrusi. Ukoo wake ulikuwa na biashara ya kutengeneza fremu za picha. Yeye alikuwa mrefu kama mlingoti, akapenda mchezo wa raga, kisha akagundua kwamba akiiga namna wanamichezo wanavyotembea, kuanguka na kulalamika, watu walivunjika mbavu. Ndivyo alivyoingia jukwaani, na kutoka jukwaani akaingia kwenye filamu. Filamu zake ndefu ni sita tu, kuanzia Jour de fête ya mwaka 1949 hadi Parade ya mwaka 1974. Alifariki mwaka 1982.

Katika Jour de fête yumo tarishi wa posta wa kijijini, jina lake François, anayegawa barua kwa baiskeli. Sikukuu imefika kijijini, na pamoja na bembea kumekuja hema la sinema. Ndani ya hema hilo tarishi anaona filamu ya posta ya Marekani: matarishi wa huko wanaruka na ndege, wana kasi ya umeme. Masikini, naye anaamua kugawa barua "kimarekani". Anapiga pedali kama kichaa, anabandika barua huku na kule, na mwisho yeye na baiskeli wanaingia mtoni. Angalia jambo hili vizuri: filamu imeletwa kijijini, imewaonyesha watu maisha ya kisasa, na mwanakijiji mmoja ameamini kila alichoonyeshwa.

Sisi pia, huku Afrika Mashariki, tuliletewa filamu kwa mtindo huo huo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, la kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: kibarua mmoja anafukia pesa zake ardhini na zinaibiwa, mwenziwe anaziweka posta na zinakaa salama. Mwaka 1939 Waingereza wakaunda kitengo maalumu cha filamu za makoloni, na magari ya sinema yakazunguka vijijini yakitundika pazia jeupe usiku. Filamu mojawapo ya enzi hizo ilihusu Bwana Busara na Bwana Mjinga waliokwenda mjini. Hata kabla hujaitazama unajua mmoja ataumbuka. Mambo ya mjini yenyewe hayana kosa. Mwenye kosa ni yule asiyeyajua.

Na mtindo huo haukuondoka na mkoloni. Hebu tuwe wakweli. Mimi ni mpenzi wa Vitimbi, na marehemu Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang aliyefariki mwaka 2015, alikuwa bingwa asiye na mfano. Hata hivyo, sehemu ya kicheko chetu ilitokana na Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali mwigizaji mwenyewe hakuwa Mjaluo. Tulicheka namna mtu anavyosema. Huku pwani tuna tabia ile ile. Mtu akitoka bara, au akitoka ndani kule Kinango, akisema neno kombo tunaangua kicheko kabla hajamaliza sentensi.

Kwa Tati huwezi kumcheka mtu kwa lafudhi, kwa sababu maneno hayasikiki sawasawa. Watu wanasema, lakini mazungumzo yanakuja kama mvumo wa sokoni. Kinachosikika vizuri ni vitu: mlango unaolia, viatu vinavyogonga sakafu, kiti cha ngozi kinachotoa hewa fyuuu mtu anapokikalia. Vitu vimepewa sauti, watu wamepunguziwa. Mwanzoni nilidhani spika za ukumbi wetu zimeharibika.

Sasa nitasimulia kisa cha kuku, kisha nirudi kwa Tati. Kuna msomi wa Chuo Kikuu cha London aliyeitwa John Wilson, na kisa chake kikasambazwa na Marshall McLuhan katika kitabu cha mwaka 1962. Mkaguzi wa afya alipiga filamu ya kuwafunza wanakijiji wa Kiafrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama majumbani. Filamu ilikwenda taratibu kabisa. Ilipokwisha, watazamaji wakaulizwa wameona nini. Wakajibu, "Tumeona kuku." Kuku? Wenye filamu hawakujua kama mna kuku. Ikabidi waikague picha moja moja, na kweli, wakamwona kuku akipita pembeni kwa muda wa sekunde hivi. Wakahitimisha kwamba watu wale hawajui kutazama sinema. Hata wakubwa wa kitengo kile cha filamu, akiwamo William Sellers, waliamini Mwafrika apewe filamu nyepesi, za mwendo wa pole, zisizorukaruka.

Mimi nilipoitazama Playtime, filamu ya Tati ya mwaka 1967, nilimkumbuka kuku huyo. Maana Tati anataka umwone kuku! Aliipiga filamu ile kwa ukanda wa milimita 70, upana maradufu wa ule wa kawaida wa milimita 35, na kamera yake husimama mbali. Haikusogezi usoni kwa mtu kukuambia, "Cheka hapa." Pazia zima limejaa watu, madirisha, magari na milango, na kichekesho kinaweza kutokea kwenye pembe yoyote ile. Wewe ukicheka kushoto, mwenzako anacheka kulia. Ukumbini kwetu wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wakipiga kelele, "Tazama yule! Tazama yule kule nyuma!" Jicho lile lile lililoitwa halijui sinema ndilo linalohitajika hapa, na yule aliyezoea kuoneshwa kila kitu karibu na kwa haraka ndiye anayelala usingizi.

Playtime yenyewe haina hadithi kubwa. Watalii wa kike wa Marekani wanafika Paris, nayo imekuwa mji wa vioo na chuma. Kwenye ofisi ya safari mna mabango ya nchi mbalimbali, na kila bango lina jengo lile lile moja. Mnara wa Eiffel, ambao kila mtu anaujua, unaonekana kwenye mlango wa kioo tu, tena kama kivuli. Bwana Hulot, mtu aliyechezwa na Tati mwenyewe, na koti lake la mvua, kiko chake na suruali fupi inayoacha soksi nje, anamtafuta mtu ofisini. Anamwona kupitia kioo lakini hampati. Sakafu zinang'aa, na nyingine zinateleza, na Hulot anatembea kama anayeomba radhi kwa kila hatua.

Hapo niliacha kucheka kwa muda, nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi yangu ni mtu wa Likoni. Nilipokuwa darasa la saba tulivuka feri pamoja kwenda mjini kufuatilia pensheni ya marehemu babu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Tulipofika mlangoni, bibi akaiona sakafu. Ilikuwa ya vigae vyeupe, inang'aa hata unajiona ndani yake. Akasimama, akavua champali zake, akazishika mkononi, akaingia pekupeku. Askari wa mlangoni akacheka. Watu waliokuwa kwenye foleni nao wakacheka, mmoja akasema, "Bibi, si msikitini hapa!" Bibi hakusema kitu. Alivaa champali zake, na tangu siku hiyo akienda mjini humtuma mjomba aingie ofisini, yeye anangoja nje.

Bwana Busara na Bwana Mjinga wangemweka bibi yangu upande wa Bwana Mjinga, hapana shaka. Lakini kwa maisha yake yote, sakafu iliyosafishwa kiasi kile ilikuwa na maana moja tu: vua viatu. Alikuwa na adabu kuliko kila mtu mle ndani. Tati angeiweka kamera yake mbali, tuone sakafu nzima, tusikie viatu vya makarani ko-ko-ko, tumwone bibi na champali mkononi, na tungecheka, naam, tungecheka. Lakini tungeicheka ile sakafu inayojifanya msikiti.

Hapa ndipo ninapoona tofauti. Hulot haelewi vyombo vya kisasa, na bado Tati hamfanyi mjinga. Hulot ni mtu wa heshima aliyewekwa mahali palipojengwa bila kumfikiria. Anayeumbuka ni aliyepajenga, au anayejivunia kupamiliki.

Hebu tutazame Mon Oncle ya mwaka 1958, maana yake "Mjomba Wangu", iliyopata tuzo kubwa ya Oscar kama filamu bora ya lugha ya kigeni. Bwana na Bibi Arpel wana nyumba ya kisasa kupindukia. Jikoni kila kitu kinajiendesha. Kwenye bustani pana samaki wa chuma anayetema maji juu. Lakini samaki huyo hafunguliwi ovyo. Kengele ya geti ikilia, Bibi Arpel hukimbia kufungua maji. Akitambua kwamba aliyekuja si mgeni wa maana, labda ni kaka yake tu, huyafunga. Msomaji, nyumbani kwenu hamna kabati la vioo lenye vikombe vya dhahabudhahabu visivyoguswa? Nyumbani kwetu Changamwe yapo makochi ambayo mimi, mtoto wa nyumba, nimeyakalia mara nne tangu yanunuliwe, na vikombe ambavyo vimewahi kutolewa kwa ajili ya posa ya dada yangu peke yake. Sisi twanywea chai vikombe vya plastiki. Hatuna samaki wa chuma, lakini twamjua!

Njia ya bustani ya akina Arpel nayo imepindapinda kwa urembo. Mwenye nyumba na mgeni wake wanaelekeana mikono imenyoshwa wakasalimiane, na njia inawageuza huku na huku kabla ya kuwakutanisha. Bwana Arpel ana kiwanda cha mipira ya plastiki ya maji. Anamtafutia Hulot kazi humo, mashine inaharibika, na mpira unatoka umefungwa mafundomafundo kama soseji. (Kumbuka mtunza bustani wa 1895. Miaka sitini na mitatu imepita, na Wafaransa bado wanahangaika na mpira wa maji.) Halafu wanandoa hao wananunua mlango wa gereji unaofunguka wenyewe, na mbwa wao mdogo anapita mbele ya mtambo, mlango unajifunga, mabwana wamo ndani. Wanamwomba mbwa apite tena.

Hulot mwenyewe anakaa mtaa wa kale, nyumba imeungwaungwa, na kupanda chumbani kwake anazunguka ngazi kama mtu anayetafuta njia ya Mji wa Kale. Akilisogeza dirisha, mwale wa jua unampata ndege kizimbani na ndege anaimba. Mtaa huo una soko, mbwa, na mfagiaji ambaye kila siku yuko tayari kufagia lakini hakomi kuzungumza.

Hapa nina ugomvi kidogo na Tati, niseme ukweli. Mtaa wake wa kale ni mzuri mno. Hakuna anayebeba maji. Hakuna choo kilichojaa. Mtu wa Likoni anayenunua maji ya mitungi kwa mkokoteni, au mama wa Kisauni anayepuliza kuni machozi yakimtoka, hawezi kukubali kirahisi kwamba bomba na jiko la gesi ni adui wa furaha. Mamangu aliona jiko la Bibi Arpel, akauliza, "Hilo lapatikana wapi?" Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980 na kuchukua nafasi ya lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji tangu 1931, sijasikia mtu wa Kisauni aliyelilia la zamani. Nadhani Tati mwenyewe alianza kuliona jambo hili, kwa sababu katika Playtime hakuna tena mtaa wa kale wa kukimbilia. Mji mpya ndio uliopo, na watu wanalazimika kuishi ndani yake.

Nao wanaishi. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mkahawa unaofunguliwa kabla haujakamilika. Kigae cha sakafu kinang'oka na kunata kwenye kiatu. Migongo ya viti ina umbo la taji, na kila aliyeketi anaondoka na alama ya taji mgongoni. Mlango wa kioo unavunjika vipandevipande, lakini bawabu hakati tamaa: anashika kitasa peke yake hewani, anakifungua na kukifunga kwa heshima zote, na wageni wanaingia kama kwamba mlango upo. Kadiri vitu vinavyoharibika ndivyo watu wanavyoanza kuzungumza, kucheza na kuimba. Waliokuwa wameketi kwa mistari iliyonyooka wanachanganyika kama harusini.

Mambo kama hayo tunayo hapa hapa. Nenda kituo cha gari moshi la kisasa pale Miritini, kilichofunguliwa mwaka 2017. Kabla ya kuingia, abiria huambiwa wapange mizigo yao chini kwa mstari mmoja na kusimama kando, kisha mbwa wa askari apite akinusa. Mara ya kwanza nilipoona, mstari ulikuwa umenyooka kama wa gwaride: sanduku la magurudumu, sanduku la magurudumu, kikapu cha maembe, sanduku la magurudumu. Mbwa alipita masanduku yote bila habari. Kwenye maembe akasimama. Mama mwenye kikapu akavuta buibui lake lisiguswe, mbwa akanusa embe moja kwa utulivu, na abiria wote, mabwana wa tai na wanafunzi, wakawa wanamtazama yeye. Askari ndiye aliyekuwa na aibu.

Tati alilipia vichekesho vyake ghali. Kwa ajili ya Playtime alijenga mji mzima wa bandia nje ya Paris, wenye majengo, barabara na umeme wake, na watu wakauita Tativille. Baadhi ya majengo yaliweza kusukumwa, na baadhi ya watu wanaoonekana mbali ni picha zilizobandikwa kwenye mbao. Kazi ilichukua miaka. Filamu ilipotoka haikurudisha fedha, Tati akazama kwenye madeni, akapoteza nyumba na hata haki za filamu zake. Mji wenyewe ukabomolewa. Yaani aliyetaka kuucheka mji wa vioo alilazimika kuujenga kwanza, nao ukammeza. Angeweza kupiga picha kwenye majengo ya kweli na kulala salama, lakini hakutaka. Miaka hii wapenzi wa sinema duniani huiweka Playtime miongoni mwa filamu bora kabisa, jambo ambalo halikumsaidia alipokuwa hai.

Karibu na mwisho wa filamu hiyo, magari yamejaa kwenye mzunguko wa barabara hata hayatembei. Mtu mmoja anatia sarafu katika mtambo wa maegesho, muziki wa sikukuu unaanza, na magari yote yanazunguka polepole kama bembea za Idd pale Makadara. Mji haukubomoka, na hakuna aliyerudi kijijini. Ni namna ya kutazama tu iliyobadilika. Mimi hurudi nyumbani kwa matatu kila jioni, na mara nyingi tunakwama Changamwe katikati ya malori ya makontena, makanga akigombana na kila mtu. Siku hizi natazama pembeni. Juzi nilihesabu malori manane yamesimama, madereva wamezima injini, na katikati yake kijana mmoja na mkokoteni wa maji akayapita yote manane, akipiga mluzi, mtungi mmoja ukivuja njia nzima.